Bastola Ikae Wapi: Daftari la Safari ya Utah

Salt Lake City, Jumatano

Muuzaji aliilaza bastola juu ya kitambaa, kitako kikinielekea mimi. Nikarudisha mikono nyuma kama mtoto aliyekanywa asiguse sufuria ya moto.

"Shika tu, shemeji, haina risasi," akasema shemeji yangu.

Haina risasi, sawa, lakini mimi nina viza ya utalii. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni wa viza ya muda kuwa na silaha ya moto au hata risasi moja, ila akiwa na kibali kinachotambuliwa, kwa mfano leseni ya uwindaji ya jimbo lolote. Mimi sikuwa nayo. Kwa hiyo uzito wa bastola zilizomo katika daftari hili nimeusoma kwenye vipimo vya kiwanda, na mengine nimeyasoma usoni mwa shemeji kila alipoinua moja na kuishusha.

Shemeji ni mtu wa Tanga, ameoa dada yangu, anaendesha malori ya masafa marefu na uraia wa huku alishaupata. Wenzake wa kazini walimwalika kusini mwa jimbo, siku tatu kwenye njia ya Paiute, juu ya pikipiki za magurudumu manne. Vijana wanaozikodisha kwa watalii Nungwi huziita kwadi, nami nitashika jina hilo. Wenzake walimpa orodha: helmeti, maji, kamba ya kuvutia, viraka vya tairi, na "kitu kidogo" cha kujihami. Vingine vyote tulivipata kwa nusu saa. Kitu kidogo kikatuchukua siku nzima.

Utah tangu Mei 2021 mtu mzima wa miaka 21 anayeruhusiwa kisheria kuwa na bastola anaweza kuibeba ikiwa imefichwa bila kuomba kibali cha kuibeba. Kwetu ombi hupanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina muhuri wake. Shemeji alijaza fomu, akaonyesha kitambulisho, muuzaji akaulizia taarifa zake, na kabla chai yangu haijapoa jibu likarudi kwamba anaruhusiwa kununua. Wepesi huo ulinishangaza kuliko silaha zenyewe.

Kwenye kaunta zilipangwa nne. Ya kwanza Ruger LCP, ndogo kiasi cha kupotea kiganjani, chini ya gramu 300 ikiwa tupu. Ya pili SIG P365, iliyoingia sokoni mwaka 2018 ikawashangaza watu kwa kubeba risasi kumi kwenye magazini ya umbo ambalo awali lilibeba sita au saba. Uzito wake ni nusu kilo hivi. Ya tatu Glock 19, risasi kumi na tano, nene kidogo, bastola ambayo nadhani kila mtu huku ana mjomba anayeisifu. Ya mwisho ni rivolva, Ruger LCR ya .38, silinda yenye matundu matano, nyepesi kwa sababu sehemu ya mwili wake ni plastiki, na nyundo yake imefichwa ndani.

Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimwuliza shemeji swali moja tu: "Glovu zako ziko wapi?"

Zilikuwa garini. Akamtuma azilete. Zilikuwa glovu za kuendeshea, zenye ngozi iliyoshonwa mara mbili vidoleni. Shemeji akazivaa, akashika ile ndogo kuliko zote. Kidole kikaingia kwenye duara linaloizunguka triga, kikakwama. Kutoka hakitaki, na kikitoka kinatoka kwa kuvuta. Mzee akaichukua bastola taratibu, akairudisha ndani ya kioo bila neno. Kwa namna hiyo LCP ikatoka mashindanoni, na mimi nikajifunza kwamba udogo una mpaka wake: kitu kinachoingia mfukoni vizuri huenda mkono usikiingie.

Nyuma ya duka kuna uwanja wa kulengea shabaha, na silaha za kukodi. Nilikaa upande wa pili wa kioo kizito nikiwa nimeziba masikio. Shemeji alifyatua P365 akatabasamu. Akafyatua Glock akatabasamu zaidi. Akafyatua rivolva, akaitazama, akautazama mkono. "Hii inapiga teke kama punda," alisema alipotoka, akipapasa sehemu ya kiganja chini ya kidole gumba. Hakuna siri hapo. Risasi ileile ikitoka kwenye chuma chepesi, teke lote linaishia mkononi, kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza. Wanaonunua silaha nyepesi kwa ajili ya kubeba hulipia wepesi huo kila wanapofanya mazoezi, na wengi, alisema yule mzee, huacha mazoezi. Hata hivyo shemeji aliondoka na rivolva.

Ogden, Alhamisi

Tulikuwa tunaelekea kaskazini kwanza, Idaho, kabla ya kushuka kusini, na njia inapita Ogden. Ndani ya stesheni ya zamani ya treni kuna makumbusho ya John Moses Browning, aliyezaliwa mji huu mwaka 1855, mtoto wa fundi bunduki. Nilitegemea kukuta mizinga. Nilichokaa nacho muda mrefu ni vitu viwili vyembamba.

Kimoja ni Winchester ya 1894, bunduki iliyobuniwa na Browning, bapa ubavuni, bila kitu kinachochomoza, kwa hiyo inateleza ndani ya ala ya ngozi chini ya paja la mpanda farasi. Kingine ni bastola ya mfukoni ya Colt ya 1903, yake pia, ambayo nyundo imefichwa ndani ili isikwame kwenye nguo inapochomolewa. Yaani swali tulilolihangaikia dukani kutwa nzima, huyu bwana alishalijibu kabla babu yangu hajazaliwa: silaha ya msafiri hupimwa kwanza kwa jinsi inavyokaa na inavyotoka.

Kuna jambo jingine wapanda farasi walilijua. Rivolva za Colt za 1873 zilikuwa na matundu sita, lakini mwenye akili alijaza matano, nyundo akaiacha juu ya tundu tupu, maana pigo juu ya nyundo lingeweza kufyatua risasi. Ruger nao walitengeneza rivolva za mtindo huo wa zamani, na ni mwaka 1973 tu walipoziwekea kipande cha chuma ndani kinachofikisha pigo la nyundo kwenye risasi pale tu triga inapovutwa. Rivolva kuukuu za kabla ya hapo bado zinauzwa mtu kwa mtu, zinapendeza macho, na juu ya kwadi inayorukaruka mawe sitaki kukaa karibu nazo.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka baba. Alikuwa bwana nyama Liwale, pembezoni mwa Selous, pori ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alikuwa na pikipiki ya serikali na raifo ya .458 ya kukabili tembo, na aliibeba mgongoni kwa mshazari. Mdomo wa mtutu aliuvisha kipande cha mpira wa baiskeli, na penye komeo alizungusha khanga kuukuu ya mama kwa ajili ya vumbi. Chemba tupu, kila siku. Alikoki baada ya kusimama na kushuka, si kabla. Lakini mtutu ulikuwa unanasa matawi, na siku moja tawi la mti lilimng'oa kwenye pikipiki kama mtu anayechuma embe. Kitako kilimvunja mfupa wa bega. Tembo wa Liwale hawakuwahi kumfanya hivyo.

Island Park, Idaho, Ijumaa

Hapa ni mlangoni pa Yellowstone, misonobari mpaka upeo wa macho, na dubu wa kahawia wapo kweli. Kwadi zinapita kwenye njia za msitu wa taifa, na watu wanazungumza lugha nyingine kabisa ya silaha. Rivolva ndogo ya .38? Bwana wa kituo cha mafuta alitikisa kichwa kwa upole wa mtu anayempa pole mfiwa. Wao wanabeba Glock 20, ya risasi nzito za milimita 10, kumi na tano kwenye magazini, au rivolva za .44 Magnum zinazojaa kifua kizima. Dume la dubu wa huku linaweza kuvuka kilo 200 na linakimbia kuliko farasi wa kawaida anavyotaka kukimbia vichakani.

Lakini nilichokiona kwenye vifua vingi zaidi ni kopo la dawa ya pilipili, lenye pini ya usalama rangi ya chungwa. Linarusha wingu hadi kama mita tisa kwa sekunde chache. Tom Smith na Stephen Herrero, watafiti wa dubu, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa matukio ya Alaska, wakakuta dawa hii ilimkatiza dubu wa kahawia alichokuwa akikifanya mara 92 kwa kila 100. Wingu halihitaji shabaha ya mtu anayetetemeka. Shemeji alinunua kopo moja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikaruhusiwa kushika kitu.

Kasoro yake ni upepo, na upande wa kwadi ni tabia ya watu kulitupia kopo kwenye boksi la nyuma pamoja na soda. Dubu hasubiri ufungue boksi.

Tulizunguka nusu siku. Tuliona kulungu, kinyesi cha dubu kikavu chenye mbegu, na vibao vya kuagiza chakula kifungiwe. Basi.

Marysvale, Utah, Jumapili hadi Jumanne

Kutoka Salt Lake City ni mwendo wa saa tatu kusini. Mji mdogo kando ya mto Sevier, na kwadi zimeegeshwa mbele ya mgahawa kama bodaboda mbele ya soko la Mgandini kule Tanga. Njia ya Paiute ni kitanzi, haina mwanzo wala mwisho. Unaingilia popote, na kitanzi kikuu kinazidi maili 200, kikipanda milima ya Tushar zaidi ya mita 3,000 na kushuka kwenye miji ya kujazia mafuta. Jimbo linamtaka dereva apite mafunzo mafupi ya mtandaoni. Niliyapita usiku, dada akinichungulia begani na kunisahihisha.

Sasa hesabu ya hofu inabadilika. Dubu wa kahawia hawapo Utah. Wapo dubu weusi, wapo puma, na wapo nyoka wanaotikisa njuga mkiani. Puma si hadithi: Oktoba 2020 mkimbiaji mmoja karibu na Provo alifuatwa na puma mwenye watoto kwa dakika sita, naye anarudi kinyumenyume huku akirekodi kwa simu. Alimtupia jiwe, puma akaenda zake. Nyoka ndio wanaotajwa zaidi na wauza risasi, kwa kuwa zipo risasi za .38 zilizojazwa chembechembe ndogo, kama marisawa, mahsusi kwa nyoka. Hapa niseme wazi: nyoka wa njuga wanalindwa na sheria ya Utah, na kumwua au kumbughudhi ni kosa, isipokuwa usalama wa mtu uko hatarini. Mtu aliye juu ya kwadi ana dawa bora ya nyoka, nayo ni kuendelea na safari.

Yule mzee wa duka alikuwa ameniuzia kitu kwa dola chache: bastola ya plastiki ya buluu, umbo lilelile la kweli, haina tundu wala chochote, ya kufanyia mazoezi. Hiyo hakuna sheria inayoninyima. Nikaamua kuibeba njia nzima nikiihamisha mahali.

Jumapili asubuhi niliiweka kiunoni kulia, juu ya mkanda. Kwa miguu iko vizuri. Kwenye kwadi unakaa umeinama mbele, paja limepanda, na kitako kinakuchoma mbavu kila jiwe. Baada ya saa moja nilikuwa nimekaa upande kama bibi harusi kwenye baiskeli. Mchana niliisogeza mgongoni katikati. Starehe, mpaka kijana mmoja kwenye msafara akaniuliza nikianguka chali nitaangukia nini. Ingekuwa ya kweli, ningeangukia kipande cha chuma kwenye uti wa mgongo. Nikaitoa papo hapo. Mfuko wa koti ulikuwa mbaya kwa namna yake: koti linapigapiga, na siku ya joto unalivua na kulifunga nyuma, silaha ikiwa ndani. Hapo umeshaisahau.

Raki ya nyuma sikuhitaji kuijaribu, maana mwenzetu mmoja, mtu wa Bukavu anayeendesha lori na shemeji, alitujaribia. Yeye alileta Henry AR-7, bunduki ya .22 ambayo mtutu, mwili na magazini vyote vinafunguliwa na kuingia ndani ya kitako chenyewe, kikafungwa kifuniko. Uzito wake ni kilo moja na nusu hivi, na ikitumbukia majini inaelea. Asili yake ni ArmaLite, kampuni iliyowabunia marubani wa jeshi la anga la Marekani bunduki za kujiokolea. Sifa hizi alitusomea zote jioni. Kesho yake kwenye mteremko wa mawe alisimama, akageuka, akapapasa raki.

"Mzee, haiko! Bunduki haiko!"

Mkoba ulikuwa umefunguka kamba na kudondoka. Tulirudi nyuma dakika arobaini, tukaukuta kwenye vichaka vya miiba, pakavu kabisa; haikupata hata nafasi ya kuonyesha kuelea. Hatukucheka mbele yake. Bunduki iliyolala njiani wanapopita watoto na baba zao si kitu cha kucheka, na kwenye njia ile watoto walikuwa wengi.

Ikabaki kifua. Mkoba wa kifuani una mkanda mmoja begani na mwingine kuzunguka mbavu, na bastola inalala kwa mshazari chini ya titi la kushoto. Mikono iko huru, paja haligusi kitu, na ukivua koti silaha inabaki mwilini mwako. Shemeji alibeba rivolva yake hapo tangu siku ya kwanza, kwa ushauri wa mzee wa glovu. Mimi nilihamia huko Jumatatu, na mpaka Jumanne jioni nilikuwa nimeisahau ile plastiki. Kasoro niliiona kwake. Tulipokuwa tunapanda mwamba, kwadi yake ikainuka gurudumu la mbele kushoto, ikalala ubavu polepole kama ng'ombe anayechoka. Alirukia upande wa pili, vizuri, lakini kifua kilipiga usukani kwanza. Usiku alituonyesha alama ya silinda kwenye ngozi, duara la zambarau. Angebeba kitu kinene kama Glock 19, ubavu ungeuliza maswali.

Mashine ile inazidi kilo 250. Kati ya vyote tulivyoviogopa siku hizo, ni yenyewe tu iliyomgusa mtu. Watengenezaji walilijua hilo zamani: zile za magurudumu matatu, ambazo Honda waliziingiza Marekani mwaka 1970, ziliacha kuuzwa zikiwa mpya mwaka 1988 kwa makubaliano na serikali kwa sababu ya ajali.

Vumbi nalo lina hukumu yake. Jumanne shemeji alifungua rivolva juu ya meza ya moteli, akatoa risasi tano, akapangusa. Chini ya ile nyota ya nyuma ya silinda, inayosukuma maganda nje, palikuwa na uji mwekundu wa vumbi na mafuta. Kwa hiyo wanaosema rivolva haijui vumbi wamekaa sana sebuleni. Punje kubwa hapo na silinda inagoma. Ila inapofanya kazi haijali umeishikaje, na mkono uliolegea au uliovimba baada ya kuanguka unaweza kuikwamisha bastola ndogo ya magazini mahali ambapo rivolva itazunguka tu. Kwa mtu wa mazoezi machache, kama shemeji, hilo kwangu lilitosha. Kwa mtu wa mazoezi mengi ningesema P365, na nisingebishana naye.

Kwa hiyo ukiniuliza: njia ya Paiute, rivolva ya risasi tano, kifuani, ipanguswe kila jioni. Island Park, kopo la pilipili kifuani kwanza, na kama lazima bunduki iwepo basi iwe nzito kweli au ibaki nyumbani. Nungwi, pampu ya tairi na namba ya simu ya mwenye kwadi.

Na popote utakaponunua, usichague ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Omba bastola ya plastiki, vaa glovu zako, toka nje, panda kwadi yako ikiwa bado juu ya trela, inama mbele kama unayepanda mlima, kisha jaribu kuichomoa. Yule mzee alituruhusu bila kununa, na alishikilia mlango.